Florida ndiko mtihani wa wachambuzi wa tabia ulikoanzia. Mbona hawana leseni, na chama chao kinafanya kazi gani?

#1 Mtumbwi_wa_Tampa

Wakuu, salamu.

Wapo wenzetu wengi Marekani wanaofanya kazi na watoto wenye usonji, wengine kama RBT (fundi wa tabia mwenye cheti), wengine wameshapanda hadi BCBA (mchambuzi wa tabia kamili mwenye cheti). Kila mwaka wanaambiwa wajiunge na chama cha wachambuzi wa tabia cha jimbo lao, walipe ada, waje kwenye kongamano. Nataka tujadili: hivi vyama vinaleta nini hasa?

Mfano wangu ni Florida. Mwaka 1972 ulifanyika uchunguzi katika kituo cha Sunland, Miami, kilichohifadhi watu wenye ulemavu wa akili. Ilibainika kwamba wakazi walikuwa wanapigwa, wanaoshwa midomo kwa sabuni ya kufulia na kufungwa kamba kwa muda mrefu, na yote hayo yakiitwa "mpango wa kurekebisha tabia". Kutokana na aibu ile jimbo likaweka miongozo, likaanzisha mapitio ya wataalamu na baadaye mtihani. Chama cha jimbo, FABA, kikaundwa 1980, na 1988 kikapitisha kanuni zake za maadili. Mwaka 1998 ukaja BACB, chombo cha kitaifa cha kutoa vyeti, kilichoanzishwa na Gerald Shook aliyetokea hukohuko Florida.

Sasa angalieni. Nevada na Oklahoma zilipata sheria ya leseni 2009. Massachusetts mwanzoni mwa 2013. Texas 2017. Florida, iliyowafundisha wote, mpaka 2024 haikuwa na leseni ya mchambuzi wa tabia. Dai langu: chama kilibweteka na makongamano kikaacha kazi ya msingi.

#2 Kaskazi

Mkuu Mtumbwi, historia yako iko sawa ila hitimisho sikubaliani nalo. Leseni haikuja Florida kwa sababu pesa ilifika kabla yake.

Fuata mtiririko. Sheria ya jimbo, sura ya 393, kifungu cha 17, tayari inatambua cheti cha mchambuzi wa tabia kinachotolewa na shirika lisilo la faida lenye viwango vya kitaifa. Mwaka 2008 ikapita sheria ya bima ya usonji, ukomo dola 36,000 kwa mwaka na 200,000 kwa maisha yote. Mwaka 2012 jaji wa mahakama ya shirikisho Miami akaamuru Medicaid ya Florida, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ilipie tiba ya uchambuzi wa tabia kwa watoto wenye usonji. Kwa hiyo bima inalipa kwa cheti, Medicaid inalipa kwa cheti, na jimbo linatambua cheti. Nani atakesha bungeni kudai leseni?

Majimbo mengi mengine yalikuwa tofauti: kampuni za bima ziligoma zikisema "hawa si wataalamu wenye leseni, hatuwalipi". Njaa ndiyo iliyowasukuma.

#3 Mwanasheria_Mtaani

Kaskazi ametaja nusu ya jambo. Florida ina sheria iitwayo ya "mapambazuko", kifungu 11.62. Inasema taaluma mpya isidhibitiwe na jimbo mpaka wanaodai udhibiti waonyeshe kwamba kazi ile ikifanywa kiholela italeta madhara ya kweli kwa umma, kwamba madhara hayo yanatambulika na si ya kufikirika tu, na kwamba hakuna njia nyepesi ya kuwalinda watu. Bunge hutaka pia kujua gharama za udhibiti huo zitaangukia nani.

Hapo ndipo mtego ulipo. Ukienda mbele ya kamati ukasema "tunahitaji leseni ili kulinda watoto", wanakuuliza: si mna cheti chenye mtihani, usimamizi na kanuni za maadili, na sheria inakitambua? Basi njia nyepesi ipo. Mafanikio ya miaka ya themanini ndiyo yanayofunga mlango leo. Si uzembe wa chama.

#4 Mtumbwi_wa_Tampa

Mwanasheria, nimekuelewa, lakini Texas nao hawapendi serikali kubwa na bado walipata. Wao waliwezaje?

#5 Bi_Hesabu

Jibu moja liko kwenye vitabu vya kodi, na watu hawalitazami.

Vyama vingi vya aina hii vimesajiliwa kama 501(c)(3), yaani shirika la elimu au hisani. Faida: anayetoa mchango anapunguziwa kodi, na ni rahisi kupata ruzuku. Hasara: kushawishi wabunge kuna ukomo. Chama kikichagua utaratibu wa 501(h), ukomo unahesabika: asilimia 20 ya dola 500,000 za kwanza za matumizi ya kazi zake, kisha asilimia 15 ya 500,000 zinazofuata, na inaendelea kushuka.

Chukua chama kinachotumia dola 300,000 kwa mwaka, nyingi zikiwa za kongamano. Ukomo wake ni 60,000. Ndani ya hizo, robo tu, yaani 15,000, ndiyo inaweza kutumika kuwaomba wananchi wa kawaida wapige simu bungeni. Kuwaomba wanachama wako wenyewe wampigie mbunge kunahesabiwa upande wa ushawishi wa moja kwa moja, si ule wa umma, na hapo ndipo daftari la wanachama linapokuwa na thamani kuliko watu wanavyodhani. Wanachama 1,000 hai ni nguvu ambayo haili ile robo.

Kosa la kawaida: bodi haijaza fomu ya kuchagua 501(h), ambayo ni Fomu 5768 na ni ukurasa mmoja tu. Bila hiyo mnapimwa kwa neno "kiasi kikubwa", neno lisilo na tarakimu. Mweka hazina mwoga anasema "tusiguse siasa kabisa". Miaka kumi inapita.

Texas walitenga. Chama cha kitaaluma kikabaki na elimu na kongamano, kundi la sera likawa chombo cha pembeni. Chombo cha namna ya 501(c)(6), yaani chama cha kibiashara au kitaaluma, hakina ukomo ule wa ushawishi. Anayekichangia ndiye asiyepunguziwa kodi kama mchango wa hisani.

#6 Nahodha77

Samahani wakuu, mimi mgeni kwenye hili. Cheti, leseni, uanachama: si kitu kimoja?

#7 Dada_Kliniki

Karibu Nahodha. Ni vitu vitatu, na vinatoka milango mitatu.

Cheti kinatoka BACB. RBT anasoma saa 40 za mafunzo, anapimwa uwezo kwa vitendo na mtu mwenye sifa, kisha anafanya mtihani wa maswali 85. BCBA anahitaji shahada ya uzamili, kozi maalumu, na saa 2,000 za kazi chini ya usimamizi, au 1,500 kwa njia ya usimamizi mzito zaidi.

Leseni inatoka kwa serikali ya jimbo. Texas, kwa mfano, inatolewa na idara ya leseni, TDLR, na kuanzia Septemba 2018 huwezi kujiita mchambuzi wa tabia bila hiyo. Lakini ili uipate lazima uwe na cheti kwanza. Na RBT hapewi leseni Texas. Anafanya kazi chini ya mwenye leseni.

Uanachama ni wa hiari. Chama cha jimbo hakiwezi kukuvua cheti wala leseni, hata ukikosea vibaya. Kinachoweza ni kukutoa kwenye daftari lake tu. Wazazi wengi hawalijui hili: wanaandika malalamiko kwa chama cha jimbo, wanasubiri miezi, kumbe malalamiko ya cheti yanakwenda BACB na ya leseni yanakwenda idara ya jimbo.

Usimamizi wa RBT ndipo mambo huharibika. Kanuni ni angalau asilimia 5 ya saa alizofanya kwa mwezi, na mikutano ya ana kwa ana isiyopungua miwili, mmoja wapo msimamizi akimwona akiwa na mteja. Umefanya saa 120? Unadaiwa saa 6. Watu wanasubiri tarehe 28 ndipo wanapiga hesabu, msimamizi yuko likizo, mwezi unafungwa na saa 4. Piga hesabu tarehe 15, kila mwezi, andika kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

#8 Mwl_Pwani

Asante Dada Kliniki, umeeleza vizuri.

Nimjibu Mtumbwi kuhusu makongamano anayoyadharau. Mwenye BCBA anatakiwa kukusanya pointi 32 za elimu endelevu kila miaka miwili, ndani yake 4 za maadili, na 3 za usimamizi kama anasimamia wengine. BCaBA, ngazi iliyo chini ya BCBA, pointi 20. Saa moja ni pointi moja. Kongamano la siku mbili au tatu la chama cha jimbo linampa mtu wa kijijini sehemu kubwa ya mahitaji yake bila kupanda ndege kwenda kongamano la kitaifa. Hiyo ni huduma.

#9 Bi_Hesabu

Mwl_Pwani, marekebisho madogo: pointi moja ni dakika 50, si saa. Ndiyo maana vipindi vimepangwa dakika 50 na mapumziko ya 10. Ukipanga kikao cha dakika 45 umewanyima watu pointi nzima.

#10 Mwl_Pwani

Sahihi, dakika 50. Nimepokea.

#11 Kaskazi

Na kwa kuwa tumefika hapo, tuseme kazi yenyewe ya kutoa pointi ilivyo, maana watu wanadhani ni kugawa vyeti mlangoni. Chama lazima kiwe kimeidhinishwa kama mtoaji, na kiwe na mratibu anayewajibika. Kwa kila kikao:

Kwanza, malengo ya kujifunza yaandikwe kabla, yahusiane na uchambuzi wa tabia. Hotuba ya kuhamasisha kuhusu "kujipenda" haipati pointi hata msemaji awe maarufu vipi. Pili, mahudhurio yathibitishwe kuingia na kutoka. Mtu akiskani beji mlangoni dakika ya 3 na kutoka dakika ya 20, na mfumo wako unasoma kuingia tu, umempa pointi ya uongo. Kwenye mtandao hutumika maneno ya siri yanayotajwa katikati ya mada, mawili au matatu. Tatu, cheti kiwe na jina, namba ya cheti cha BACB, jina la kikao, tarehe, idadi na aina ya pointi. Aina ndiyo inayosahaulika. Mtu amekaa kikao cha maadili, cheti kimeandikwa "pointi 1" tupu, mwisho wa mzunguko anakosa 4 za maadili na hana pa kukata rufaa. Nne, kumbukumbu zitunzwe.

Wanaofanya haya ni watu wa kujitolea wenye wagonjwa wao mchana. Ndiyo maelezo yangu ya pili, Mtumbwi: bodi hubadilika kila mwaka au miwili, rais mpya anaanza upya, na mswada wa leseni unahitaji mtu yuleyule miaka mitano mfululizo.

#12 Mtumbwi_wa_Tampa

Hapo #11 umenigusa. Lakini bado sijaona kazi inayomgusa mtoto mwenyewe.

#13 Mapitio

Ngoja nikuonyeshe.

Turudi Sunland uliyoitaja #1. Fundisho lililotoka pale halikuwa "tuwe na mtihani" peke yake. Lilikuwa: mpango wowote unaomzuia mtu au kumnyima haki usipitishwe na aliyeuandika pekee. Florida mpaka leo ina kamati za mapitio za maeneo chini ya idara ya watu wenye ulemavu. Mipango ya tabia hatari na mipango yenye mbinu za kuzuia hupelekwa huko. Wanaokaa mle wanatoka katika watu walewale wa taaluma, na kama hawajafundishwa kukagua, kamati inakuwa mhuri.

Mkaguzi mzuri anatazama nini? Anaanza na ufafanuzi. "Ana hasira" hairuhusiwi. "Anapiga kwa kiganja wazi au ngumi, mkono ukigusa mwili wa mtu mwingine kutoka umbali wa sentimita 15 au zaidi" inaruhusiwa, kwa sababu watu wawili wanaweza kuhesabu kitu kilekile. Kisha anauliza kama wameshahesabu. Mmoja kapata 18, mwenzake 20: 18 kwa 20 ni asilimia 90, na watu huridhika na 80 kwenda juu. Lakini mkaguzi mkali haishii hapo. Jumla zinaweza kufanana huku mmoja aliona vipigo vya asubuhi na mwingine vya jioni. Anataka walinganishe dakika kwa dakika, au kipande kwa kipande.

Kisha sababu. Mtoto anapiga ili apate nini au akwepe nini? Kutazamwa, kupewa kitu, kukimbia kazi, au mwili wenyewe unaridhika? Mpango usiojibu swali hili unarudishwa hata uwe na kurasa 40. Baada yake: badala ya kupiga atafundishwa kufanya nini? Kama hakuna, ni mpango wa kunyamazisha tu. Halafu idhini: nani amesaini, kwa lugha gani alielezwa? Mwisho, lini mbinu ya kuzuia itaondolewa, kwa kigezo gani cha namba? "Hali ikiwa nzuri" si kigezo. "Chini ya mara 2 kwa wiki, wiki 4 mfululizo" ni kigezo.

Chama cha jimbo ndicho kinachoweza kufundisha ukaguzi huu kila mwaka. Kwangu hiyo ni kazi kubwa kuliko leseni.

#14 Shangazi_Lowell

Mapitio, ubarikiwe kwa #13, hasa pale kwenye idhini na lugha. Mama anayeongea Kiswahili cha Bukavu anasainishwa karatasi ya Kiingereza na kuambiwa "ni ya kawaida".

Naongeza la huku Massachusetts. Kuna kituo cha Judge Rotenberg, Canton, kinachotumia shoti za umeme za ngozi kama adhabu ya tabia. Taaluma ilibishana miaka mingi. Mwaka 2022 chama cha kimataifa, ABAI, kikapiga marufuku, na sasa limekwisha.

#15 Mwanasheria_Mtaani

Shangazi, kwa heshima, rekebisho. ABAI haina uwezo wa kupiga marufuku kitu. Ilichofanya 2022 ni wanachama kupiga kura na kutoa tamko la kupinga matumizi ya shoti hizo. Mwenye uwezo wa kuzuia kifaa ni FDA, mamlaka ya Marekani ya chakula, dawa na vifaa vya tiba. Nayo ilizuia 2020, mahakama ya rufaa ikatengua 2021 ikisema sheria haikuipa FDA mamlaka ya kuzuia kifaa kwa matumizi fulani tu, Bunge la Marekani likarekebisha sheria mwishoni mwa 2022, na Machi 2024 FDA ikapendekeza tena katazo. Mahakama kuu ya Massachusetts nayo, Septemba 2023, iliacha hai amri ya makubaliano ya zamani inayokilinda kituo kile. Halijaisha.

#16 Shangazi_Lowell

Asante mwanangu, nimekosea neno. Lakini tamko lina uzito. Wakili wa familia anaweza kuliweka mezani na kusema: taaluma yenyewe inalikataa.

#17 Mapitio

Lina uzito, ndiyo. Lakini hesabu miaka kutoka Sunland 1972 hadi tamko la 2022. Hamsini. Chama kikisubiri wanachama wote wakubaliane, mtu aliyefungiwa kifaa mwilini anazeeka.

#18 Kijana_Ngara

Wakuu, mimi niko Nairobi. Je, huku tunaweza kuanzisha chama kama FABA? Na cheti tunapata wapi, maana nasikia BACB wamefunga?

#19 Dada_Kliniki

Kweli. Kuanzia Januari 2023 BACB haipokei maombi mapya kutoka kwa wakazi wa nchi nyingi nje ya Marekani na Kanada, Kenya na Tanzania zikiwemo. Wanaotaka cheti cha kimataifa sasa hutazama IBAO au QABA. Kabla ya kulipa chochote, uliza mambo mawili: msimamizi wako wa saa za vitendo anatambuliwa na chombo kilekile unachokiomba cheti? Na kama kesho utahamia Marekani au Ghuba, mwajiri na bima ya huko inakitambua cheti hicho? Mtu anakusanya mamia ya saa chini ya msimamizi asiyehesabika, zinafutika zote.

#20 Mwanasheria_Mtaani

Kuhusu chama: Kenya, Sheria ya Vyama inaanza kukuhesabu mkifika watu kumi. Tanzania vilevile, chini ya Msajili wa Vyama, Wizara ya Mambo ya Ndani. Kuandikisha si kazi ngumu. Ugumu ni kwamba Kenya tayari kuna Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 na bodi yake. Katiba ya chama chenu ikiandika kwamba wanachama "watatoa tiba ya kisaikolojia" mtakuwa mmeingia shamba la watu. Andikeni kazi yenu kwa vitenzi vyake: kupima tabia inayoonekana, kutafuta kinachoisababisha katika mazingira, kufundisha stadi, kufuatilia kwa takwimu.

#21 Kaskazi

Na msianze na kongamano! Anzeni na kikundi cha kukagua mipango mara moja kwa mwezi, watu wanane, mipango miwili, dakika 50 kila mmoja, jina la mtoto limefutwa. Kongamano la kwanza hula akiba yote: ukumbi unataka malipo ya awali, chakula kinahesabiwa kwa vichwa mlivyoahidi wala si vilivyokuja. Ahidini sahani 60 hata kama mnategemea watu 100. Kuongeza ni rahisi, kupunguza hakuna.

#22 Pwani_Kwetu

Mimi nina tatizo na jina. Mkisajili "Chama cha Wachambuzi wa Tabia" Mombasa, watu watakuja kuwashitakia vijana wanaovuta bangi. Tabia kwa Kiswahili ni maadili ya mtu, ni silika. Wahenga wanasema tabia ni ngozi, haibanduki. Nyinyi mnaihesabu kwa dakika.

#23 Mwl_Pwani

Pwani Kwetu, umeleta hoja nzito. Wengine hutumia "mwenendo", lakini mwenendo nao una harufu ya ripoti ya shule. Kwangu "tabia" ibaki, ila chama kitoe ufafanuzi wake mapema: kitendo kinachoonekana na kuhesabika, kizuri au kibaya. Kuomba maji kwa ishara ni tabia. Kufunga vifungo vya shati ni tabia.

Neno linalonisumbua ni lile la kitu kinachofuata kitendo na kukifanya kirudi tena. "Zawadi" linapotosha. Zawadi unatoa kwa kupenda. Hiki tunachosema kinapimwa kwa matokeo: kama kitendo hakikuongezeka, hakikuwa chenyewe, hata kama ulinunua pipi ya ghali. "Thawabu" ina dini ndani yake. Napendekeza "kiimarishi".

#24 Shangazi_Lowell

Kina mama hawatasema kiimarishi, mwanangu. Watasema "unamhonga mtoto".

#25 Dada_Kliniki

Na hapo ndipo pa kuwafundisha, Shangazi. Hongo hutolewa fujo ikiwa imeshaanza: mtoto kalala chini dukani, unampa biskuti anyamaze. Umemfundisha kulala chini. Kiimarishi hupangwa kabla na hutolewa baada ya kitendo unachokitaka: ameshika kikapu hatua kumi, anapata kipande. Biskuti ni ileile, saa ndiyo tofauti.

Neno jingine la hatari ni "kupuuza". Wazazi wanaambiwa "mpuuze". Kama analia ili atazamwe, sawa. Kama analia ili asivae viatu, ukimpuuza hajavaa viatu, amepata alichotaka. Na hata pale panapofaa, kabla ya kupungua kilio kinaweza kupanda kwanza, kikali kuliko jana. Mzazi asiyeonywa hukata tamaa siku hiyo, anatoa kitu wakati kilio kiko juu kabisa, na kuanzia hapo mtoto anaanzia juu. Chama cha jimbo chenye watu wetu wengi kikitoa ukurasa mmoja wa Kiswahili juu ya hili tu, kitakuwa kimefanya kazi kuliko mabango yote.

#26 Mtumbwi_wa_Tampa

Naona uzi umehama bandari! Turudi kidogo. Hakuna aliyetaja Miami. Mei 2018 jimbo lilisimamisha usajili wa watoa huduma wapya wa uchambuzi wa tabia wa Medicaid katika kaunti za Miami-Dade na Broward kwa sababu ya udanganyifu wa bili. Kama leseni ingekuwepo, haya yangetokea?

#27 Bi_Hesabu

Yangetokea. Bili ya fundi wa RBT, namba 97153, hukatwa kwa vipande vya dakika 15. Saa mbili ni vipande 8. Mwizi haibi kwenye cheti, anaiba kwenye vipande: anaandika 8 alikaa 4, au fundi mmoja yuko nyumba mbili saa ileile. Leseni haioni hilo. Anayeona ni mkaguzi anayeweka karatasi ya mahudhurio, saini ya mzazi na takwimu za siku hiyo pembeni ya bili. Siku yenye bili ya saa tatu na grafu isiyo na nukta hata moja, hapo simama.

#28 Mwanasheria_Mtaani

Nakupinga kidogo, Bi Hesabu. Leseni inaipa idara ya jimbo mamlaka ya kumzuia mtu asirudi na jina lingine la kampuni. Kusimamisha usajili kaunti mbili kunamfungia hata aliye mwaminifu, na mtoto wa Hialeah, mji wa Miami-Dade, anabaki kwenye foleni. Isitoshe, udanganyifu ule ni ushahidi wa madhara ambao sheria niliyoitaja #3 inaudai. Chama kingeubeba mezani.

#29 Kaskazi

Kungekuwa na hatari pia, Mwanasheria. Ukisimama mbele ya kamati ukasema "taaluma yetu imejaa wizi, tupeni leseni", mbunge wa pili anauliza kwa nini Medicaid iendelee kuwalipa.

#30 Kijana_Ngara

Nimeshukuru wote. Jumamosi tunakutana watu saba hapa, mpango mmoja wa mtoto wa miaka sita anayejigonga kichwa. Mapitio, ule ufafanuzi wa sentimita 15, kwa kujigonga ukutani tuuandikeje?

#31 Mapitio

Kwa kujigonga umbali si muhimu kama mguso. "Sehemu yoyote ya kichwa juu ya shingo inagusa kitu kigumu kwa mwendo unaoonekana au mlio unaosikika." Mfululizo wa mapigo yaliyo karibukaribu uhesabu pigo moja moja kama mnaweza, mkishindwa, rekodini vipindi, na kipindi kipya kianze baada ya sekunde 10 za utulivu. Na kabla ya kuhesabu chochote, mtoto aonwe na daktari: masikio, meno, macho, kichwa chenyewe. Mtoto anayeumwa sikio mtamchambua mwaka mzima bure. Leteni namba za wiki ya kwanza hapa.